Kijani Kisicho Kweli

Kila asubuhi ya likizo, Salwa alimaliza kuosha vyombo, akajitanda mtandio na kumfuata shangazi yake Mwajabu kazini. Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya Kibiti. Mwaka ule wa 2004, hospitali ilikuwa imeunganishwa na madaktari bingwa wa Dar es Salaam kwa njia ya siri ndani ya mtandao, ambayo mafundi waliiita handaki. Handaki lilianzia kwenye kisanduku cha ulinzi kiitwacho faiawoli. Kila baada ya dakika tano, kompyuta ya shangazi ilikiuliza kisanduku, kwa lugha ya mashine iitwayo SNMP, kama handaki liko wazi. Likiwa wazi, skrini ilionyesha kijani. Likifungwa, nyekundu, na king'ora kikalia.

Siku hiyo shangazi aliitwa kwenda kufanya kazi Ikwiriri. Alimwachia Salwa kazi moja tu: king'ora kikilia, amwite Bushiri wa stoo aje kukiwasha upya kisanduku. Mvua ilinyesha, king'ora kikalia mara nne. Mara ya nne Bushiri alinuna. Salwa akachoka kwenda na kurudi. Akabonyeza mahali ambapo shangazi husimamishia yale maswali. Kwa kuwa hakuna swali jipya, skrini ikabaki na jibu la mwisho, kijani, na king'ora hakikulia tena.

Saa saba mchana akaingia Dokta Seleman. Picha ya shingo ya Twalha, mtoto wa Mbwera aliyeanguka mnazini, ilikuwa imetumwa tangu saa nne, na jibu hakuna. Mpaka bingwa aione, mtoto hakuruhusiwa hata kugeuza kichwa. Daktari alipiga simu Dar, akaambiwa hawajapokea kitu. Akaitazama skrini.

"Kwetu ni kijani," alisema kwa ukali kwenye simu. "Ninyi ndio mmelala."

Salwa akawaza. Akisema, atamwaibisha shangazi. Asiposema, je? Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Alimwona Bi Sikujua, mama yake Twalha, akimpepea mwanawe, naye Twalha akiuliza kama sasa anaweza kulalia ubavu. Mama akamwambia asubiri. Salwa alinyanyuka mara mbili, mara mbili akaketi. Chumba kilimbana kama kaptula ya mdogo wake.

Shangazi aliporudi saa nane, daktari alimweleza uzembe wa watu wa Dar. Hapo Salwa akashindwa kuvumilia.

"Shangazi, si wao. Mimi nilisimamisha maswali."

Mwajabu aliyarudisha maswali, na papo hapo skrini ikawa nyekundu. Akakiwasha upya kisanduku, picha ikaenda. Saa tisa jibu likaja: mfupa ulikuwa mzima. Twalha akageuka ubavu, akalala. Dokta Seleman akapiga simu tena Dar kuomba radhi, na Salwa naye akapewa simu aombe zake.

Njiani kurudi nyumbani, shangazi alisema taratibu:

"Uchovu ningekusamehe mara moja. Lakini ulinyamaza wakati wengine wanalaumiwa, na mtoto akateseka saa nzima bure. Mtu akikutegemea umpe habari, mpe ya kweli, hata ikikuponza wewe."

Salwa aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kama kesho ataruhusiwa kurudi. Shangazi akasema arudi, na aje mapema.