Usiyafikiche, Swafia

Swafia hupaka maharusi piko, ile nakshi nyeusi ya mikononi, hapa Mji wa Kale. Mkono wake ni mwepesi, lakini macho yake ni taabu tupu. Bila miwani hamtambui mtu aliye hatua mbili mbele yake. Akifunika uso kwa ninja, pumzi hupanda na vioo vya miwani huingia ukungu. Basi huvua, hufuta, hufikicha macho, kisha huvaa tena. Ni mchezo wa kutwa nzima.

Dada yake Jawahir alitibiwa macho kwa leza, akaachana na miwani. Swafia naye akaitaka leza hiyo hiyo. Aliamini kwamba macho ya ndugu wa tumbo moja hayawezi kutofautiana. Wakaenda pamoja kliniki moja ya Ganjoni.

Daktari aliitazama picha ya mashine mara mbili. Hakutabasamu.

"Leza hii haikufai," alisema. "Konea yako ni nyembamba."

Walipotoka nje ya chumba, Swafia alimvuta dada yake pembeni.

"Twende kwengine," alinong'ona. "Nasikia kuna mahali hawapimi sana."

"Wallahi sikupeleki!" alisema Jawahir. "Wataka kupofuka?"

Swafia akaangua kilio, huku akifikicha macho. Muuguzi Everlyne, aliyekuwa akipita, akamshika mkono.

"Usiyafikiche, dada. Kufikicha kunaweza kuidhoofisha konea zaidi."

"Kwani hiyo konea ni nini hasa?"

"Ni utando angavu wa mbele ya jicho. Leza huupunguza. Wako ukipunguzwa sana, unaweza kulegea na kutokeza mbele, kama leso kuukuu iliyovutwa. Hapo hata miwani haitakusaidia vizuri."

"Na mimi nala kwa piko! Nikikosa macho nimekwisha."

"Ndiyo maana tunapima. Zipo njia nyingine. Wengine huwafaa leza ya juu juu, isiyoikata konea na kuifunua kama kifuniko, ingawa nayo huipunguza. Wengine huwekewa lenzi laini ndani ya jicho, na konea haipunguzwi. Lakini huo pia ni upasuaji. Jicho linaweza kupata maambukizi, au presha yake ikapanda. Kubaki na miwani nako si aibu."

"Mimi itanifaa ipi?"

"Daktari ataangalia kama jicho lina nafasi ya lenzi, na kama konea inabadilika umbo. Ikiwa inabadilika, hiyo hutibiwa kwanza."

Swafia alisubiri miezi mitatu kabla ya kupimwa tena. Hofu ilimkosesha hata hamu ya kula. Kila mkono wake ulipopanda usoni, Jawahir alipiga kelele: "Mkono!" Nyumba nzima ilichoka kulisikia neno hilo.

Vipimo vipya vilikuwa vizuri. Konea haikuwa imebadilika, na nafasi ya lenzi ilikuwepo. Swafia aliwekewa lenzi jicho moja, kisha la pili wiki moja baadaye. Mara zote mbili aliingia akisoma kila dua aliyoijua, na vidole vya Everlyne aliviminya mpaka vikafa ganzi.

Siku iliyofuata upasuaji wa pili, Everlyne alimwondolea kinga ya jicho. Swafia akatazama mlangoni, alikosimama dada yake.

"Jawahir! Piko yako imefifia. Nani alokuacha utoke hivyo?"

Jawahir akacheka. Swafia naye akacheka, kisha machozi yakamjaa. Mkono ukaanza kupanda.

"Mkono!" walipaza sauti Jawahir na Everlyne kwa pamoja.

Swafia akauteremsha, akayaacha machozi yashuke yenyewe.