Kifo Chini ya Gari la Mwalimu

Kasiva alifika gerejini kwa Nthiwa, nyuma ya soko la Tulia, siku ya Alhamisi saa moja na dakika kumi asubuhi. Alikuja kugomba. Gari lake la kubebea parachichi kutoka Mbooni lilikuwa limekaa hapo wiki mbili, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia fundi. Hakupata wa kumwambia. Chini ya gari jeupe la Mwalimu Musyimi ilitokeza miguu miwili, kiatu kimoja kimevuka, na gari lenyewe lilikuwa limelalia kifua cha Nthiwa.

Inspekta Kalondu alifika saa mbili kasorobo pamoja na Koplo Mwau. Koplo alitupa jicho mara moja tu, akasema jeki imeteleza na hiyo ni ajali. Kalondu alichuchumaa, akakaa hapo kitambo. Jeki haikuwa imeteleza. Ilisimama wima mahali pake, imeshushwa mpaka mwisho, na vali yake ya kushushia ilikuwa wazi. Magogo mawili ya kushikilia gari lisianguke, ambayo Nthiwa hakuwahi kuingia chini ya gari bila kuyatanguliza, yalikuwa yameegemezwa ukutani. Mtu aliyelala chini ya gari hawezi kufungua vali iliyo nje, sembuse kuegemeza magogo ukutani.

Kulikuwa na jambo jingine. Nati ya kumwagia mafuta chini ya giaboksi ilikuwa imefunguliwa, na mikono ya marehemu ilikuwa imelowa mafuta mpaka kwenye viwiko, lakini udongo ulikuwa mkavu, matone machache tu. Mafuta yenyewe hayakuonekana. Kasiva alisema fundi alikuwa na beseni ya buluu ya kukingia, mdomo umeungua upande mmoja, na haikuwa ikitoka pale gerejini. Waliitafuta kila pembe wakaikosa.

"Nani anaiba mafuta machafu?" Koplo aliuliza.

Kalondu aliandika beseni hiyo kwenye daftari lake.

Waliomchukia Nthiwa hawakuwa wachache. Miaka hii kila mwenye kapesa kidogo Tulia alikuwa amenunua gari la otomatiki lililotumika ng'ambo, na mwaka huu magari hayo yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine. Kwanza gari linagonga likibadilisha gia. Kisha linakataa kurudi nyuma. Mwisho linanguruma pale pale, halisongi. Mtu anauza ng'ombe wawili, Nthiwa anaifungua giaboksi na kuitengeneza, na baada ya mwezi ugonjwa unarudi. Watu walisema anafanya makusudi ili warudi kwake. Kalondu mwenyewe, ambaye gari lake nalo lilikuwa limepitia hapo, alikuwa amesema hivyo. Mwezi wa tatu alisimama kwenye stendi ya bodaboda, watu wakisikia, akamwita Nthiwa mwizi. Asubuhi ile hakumwambia Koplo.

Walianza na Mwalimu Musyimi kwa sababu Jumatatu alikuwa amesikika sokoni akisema atamlaza fundi chini ya gari hilo hilo. Mzee huyo mstaafu hakukana.

"Nilisema, madam. Pensheni yangu imeishia kwa giaboksi. Ungesema nini wewe?"

Kalondu alimuuliza Jumatano alikuwa wapi. Alieleza kwamba gari lilivutwa na trekta mpaka gerejini saa kumi kamili. Lilikuwa limekufa kwa mara ya tatu, wiki tatu tu baada ya kutiwa mafuta mapya, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa amelifungua. Mwalimu aliliacha hapo akaenda zahanati kupimwa presha. Kitabu cha zahanati kilionyesha aliingia saa kumi na dakika ishirini, na kwa kuwa presha ilikuwa imepanda vibaya, walimlaza hadi asubuhi. Daktari alikadiria Nthiwa aliangukiwa na gari kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Kasiva naye saa hizo alikuwa Mbooni akipakia mzigo kwenye gari la kukodi, na dereva alithibitisha.

Saa tano waliingia kwa Muthama, muuza spea na mafuta ya magari, shemasi wa kanisa la hapo sokoni. Aliwapa viti. Alisema Jumatano baada ya chakula cha mchana alipeleka mzigo Zombe, akarudi giza likiingia. Alimsikitikia Nthiwa, mteja wake wa miaka mingi.

"Lakini watu wasiseme ni mafuta yangu," aliongeza bila kuulizwa. "Hata ya Mwalimu yametoka yakiwa bado mekundu. Shida ni magari yenyewe, yamekuja yamechoka."

Kalondu aliandika, akashukuru, akatoka.

Saa nane Ndila, mke wa Nthiwa, alirudi kutoka Mbooni alikokuwa akimuuguza mama yake. Hakulia mbele yao. Aliwapeleka nyumbani, akavuta kreti ya soda kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na chupa kumi na tisa za plastiki, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la mwenye gari na tarehe. Mafuta ya giaboksi huwa mekundu, na hukaa hivyo miaka. Haya yalikuwa meusi, yananuka kama chakula kilichoungulia chunguni.

Ndila alieleza kwamba mumewe aliyakusanya kuanzia Januari. Gari likirudi alimwaga mafuta na kuweka kidogo kwenye chupa, na yote yalikuwa yametoka duka moja. Jumapili hii alitaka kuziweka mbele ya wazee wa kanisa, lakini kwanza alitaka Muthama ajionee mwenyewe, kwa sababu walikuwa marafiki.

Kalondu alizigeuza moja moja. Ya kumi na moja ilikuwa na jina lake.

"Hiyo alinionyesha," Ndila alisema. "Alisema, huyu akijua ataniamini."

Kalondu aliirudisha kwenye kreti. Alimwambia Koplo awashe gari.

Saa kumi na moja waliingia dukani kwa Muthama. Kasiva alikuwa hapo akinunua balbu, na Kalondu hakumwambia atoke.

"Shemasi, ulijuaje mafuta ya Mwalimu yametoka mekundu?"

Muthama alisema ni Nthiwa aliyemwambia.

"Saa ngapi?"

"Jana. Kabla niende Zombe."

"Kabla uende Zombe gari lilikuwa bado kwa Mwalimu. Lilifika gerejini saa kumi, na mafuta yalimwagwa baada ya hapo. Aliyeyaona ni Nthiwa, na yule aliyemuua."

Muthama alisema labda alikisia. Koplo alikuwa ameshaingia stoo. Alikuta pipa la mafuta ya haidroli ya bei ya chini, kopo la rangi nyekundu ya kuyafananisha na mafuta ya giaboksi, na rundo la lebo mpya. Nyuma ya magunia ilikuwepo beseni ya buluu, imesuguliwa kwa sabuni, mdomo umeungua upande mmoja. Kasiva aliitazama akasema ndiyo hiyo.

"Mafuta yenyewe yako wapi?" Kalondu aliuliza.

Muthama alitazama pipa. Alikuwa ameyarudisha humo, kwa kuwa yalikuwa bado mekundu. Alikuwa ameua mtu, na bado hakuweza kumwaga kitu kinachouzika.

Baada ya hapo alieleza yote, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Zombe hakufika. Nthiwa alimpigia simu, akamsukumia beseni nje ya gari atazame, akamwambia aache biashara hiyo kabla ya Jumapili. Kisha akarudi ndani kufunga nati, kichwa upande wa pili. Muthama alifikiria duka, na kiti chake kanisani. Akayavuta magogo, akafungua vali.

"Nilikuwa nimemwambia anipe mwezi mmoja tu," alisema. "Akakataa."

Kasiva alitoka dukani akaacha balbu yake kwenye kaunta.

Jumamosi Kalondu alikwenda kwa Ndila. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha, lakini Ndila alimtangulia kwa swali. Alitaka kujua kama mume wake alikufa mara moja.

Kalondu alikuwa amesoma ripoti ya daktari na kuandika maelezo ya Muthama kwa mkono wake. Njiani alikuwa ameamua kudanganya. Alipomtazama yule mama, alishindwa.

"Hapana. Karibu nusu saa."

"Aliita?"

"Aliita."

"Alimwita nani?"

"Muthama," Kalondu alisema. "Alidhani jeki imeharibika. Alikuwa anamwomba msaada."

Ndila alisimama akafungua mlango. Kisha alimwomba Kalondu aende zake, kwa sababu alitaka kulia, na hakutaka kulia mbele ya mtu aliyemwita mume wake mwizi.