Ndugu wa Mgonjwa

Harufu ya udi ilianza asubuhi, ikajaa wodi nzima, mahali ambapo hata kiberiti hakiruhusiwi kwa sababu ya mitungi ya oksijeni. Sista Salha aliinama chini ya kila kitanda kutafuta chetezo, akakuta ndala na chupa za chai tu. Akaachana nayo. Alikuwa ameunganisha zamu mbili, na mtu aliyechoka kiasi hicho hana nguvu za kubishana na harufu.

Salha alikuwa nesi wa utafiti katika hospitali moja mjini Dodoma. Walikuwa wakijaribu dawa mpya ya homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa aliingizwa kwenye utafiti kwa kukubali mwenyewe. Akiwa hajitambui, ndugu yake alimkubalia. Bila ndugu, hapewi.

Arafa, binti wa kijiji cha Busi aliyekuwa akiuza vitenge hapo mjini, aliletwa na majirani hajitambui, shingo imekakamaa. Dawa za kawaida hazikufua dafu. Salha alitoka nje mara kwa mara kuita, "Ndugu wa Arafa! Ndugu wa Arafa wa Busi!" Watu kwenye mabenchi wakatazamana. Kule getini, penye banda la chai, mama mmoja mwenye khanga ya kijani aliinamisha uso kwenye kikombe chake.

"Daktari, huyu tunampoteza," Salha alimwambia Daktari Zablon.

"Najua, Sista. Lakini bila ndugu sina la kufanya."

Salha aliitazama ile midomo iliyopasuka kwa homa, roho ikamuuma.

"Mimi ni ndugu yake," alisema.

"Tangu lini?"

"Mama zetu ni ndugu. Lete kalamu nisaini."

Daktari aliifungua fomu ya ridhaa. Naye alikuwa amechoka. Akampa kalamu.

Hapo Arafa akafumbua macho, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya kizee. "Rudia," ilisema.

Salha hakusikia uzee wa sauti ile, alisikia kwamba mgonjwa ameongea, akafurahi. "Mimi ni ndugu yako, Arafa. Usiogope."

"Haya."

Macho yakafumba. Harufu ya udi ikakatika wodini papo hapo.

Dawa ilifanya kazi. Baada ya siku chache tu, Arafa akaomba uji, na wodi nzima ikacheka kwa furaha. Salha hakucheka. Udi ulikuwa umehamia kwenye sare yake, akaifua kwa sabuni na kuianika juani na bado ukabaki, na kila alipoinama kuchukua sampuli ya damu alisikia pumzi ya mtu shingoni, pumzi ya joto, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka yoyote kwa sababu ameshafika anakokwenda.

Alipotoka zamu, yule mama wa khanga ya kijani alimsubiri getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa Arafa." Aliongea kwa kunong'ona. "Nimekuwa hapa tangu alipoletwa. Nilikusikia ukiita."

"Ukanyamaza?" Salha alipandwa na hasira. "Mwanao anakufa, wewe unakunywa chai?"

"Nina mabinti wengine nyumbani. Lile jini ni la ukoo wetu. Likiona limemmaliza aliyelibeba, linatafuta ndugu yake, ila haliingii mpaka mtu atamke mwenyewe kwamba ni ndugu. Tulikubaliana asitamke mtu. Nilimkana mwanangu kwa kunyamaza, na Mungu ananiona."

"Kwani waganga hamna?"

"Tumezunguka mpaka Kibakwe. Linatoka, linarudi." Akaushika mkono wa Salha. "Una mtoto?"

Salha aliuvuta mkono wake.

"Kama unaye, likikuuliza, usiseme ni wako."

Salha alifika kwake Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, mchana, jua kali, vumbi linapiga mabati. Khairat, mwanawe wa darasa la kwanza, alikuwa amekaa kizingitini na begi lake mgongoni.

"Mama, ndani kuna mtu. Yuko nyuma ya pazia, anaongea kama babu. Kaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Sikumjibu, si ulinikataza kuongea na nisiowajua?"

Salha alisimama pale mlangoni, na udi ukamjia kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe, ukapita kwenye pazia alilolishona kwa mkono wake, ukamzunguka mtoto kichwani, na ile pumzi ya taratibu ikasikika sasa kwa masikio yote mawili.

"Basi jibu wewe," sauti ilisema. "Huyu ni mtoto wa nani?"

Alimpenda mtoto yule kuliko uhai wake.

"Simjui," Salha alisema. "Ni wa jirani."

"Mama!" Khairat alimshika gauni.

Salha akavibandua vile vidole kimoja kimoja. "Nenda kwenu, mtoto," alisema. Akaingia, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo. Nje Khairat aligonga akilia, akiita mama, mama, na Salha hakuitika.