Picha Mbili za Jino la Shamimu

Kila asubuhi Shamimu alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaenda shuleni. Alikuwa darasa la sita mjini Kilosa, mwaka 2003. Asubuhi moja alishindwa hata kuinama. Jino la nyuma lilikuwa linamuuma mno.

Mama yake alimpeleka kwenye kliniki ya meno, ambako wanafunzi wa chuo walikuwa katika mafunzo ya vitendo. Kasiani, kijana wa Mikumi, alilisafisha jino lile, akalitoboa palipooza, akaliziba. Mwalimu wake, Dokta Anastazia, akalipiga picha kwa kamera ya dijitali na kuiingiza kwenye kompyuta. Jino likajaa kioo kizima.

"Zamani tulikagua kwa macho tu," alisema. "Sasa hata mkwaruzo nauona. Baada ya wiki nitapiga picha nyingine, ndipo nikupe alama."

Kasiani akamgeukia mgonjwa wake. "Mdogo wangu, usitafune kitu kigumu upande huu mpaka kesho. Dawa haijakauka sawasawa."

"Sawa, kaka."

Jioni ile rafiki yake Sikuzani alirudi na muwa kutoka Ulaya, kijiji cha hukohuko Kilosa. Shamimu aliyakumbuka maneno ya Kasiani, lakini muwa ulikuwa mtamu. Akang'ata upande mzuri, kisha akajisahau. Jino likalia ko! Alipapasa kwa ulimi, akahisi ncha. Mama alipomuuliza kama amekula kitu kigumu, aliapa kwamba hakula.

Wiki ilipotimia, Shamimu alirudi kliniki na mama yake, na Dokta Anastazia akapiga picha nyingine, akaziweka zote mbili pamoja kwenye kompyuta. Ya pili ilikuwa na ufa mweusi.

"Kasiani, hili limepasuka. Ukishindwa kuziba jino, unarudia mwaka."

"Mwalimu, nilifuata hatua zote."

"Picha inasema vingine."

Kasiani alivua glovu taratibu, akabaki anaitazama mikono yake. Shamimu alimwangalia. Hakuna mtu pale aliyekuwa amemuuliza yeye kitu. Angeweza kunyamaza, akaenda zake nyumbani.

"Dokta," alisema, "si yeye. Nilitafuna muwa siku ileile."

"Muwa?" mama yake alimaka. "Na uliniapia!"

"Nisamehe, mama. Niliogopa."

Dokta Anastazia alirudi kwenye picha ya kwanza, akaikuza mpaka kingo za dawa iliyoziba jino zikaonekana wazi. Zilikuwa zimekaa vizuri, hazina pengo.

"Kazi yako ilikuwa safi," alimwambia Kasiani. "Utaliziba tena sasa hivi mbele yangu, nami nitakupa alama kwa hilo."

Mashine ilianza kuvuma. Shamimu alifumba macho, akashika kiti kwa mikono miwili. Safari hii iliuma zaidi. Machozi yalimtoka, lakini hakusogeza kichwa hata mara moja. Kasiani alifaulu.

Dokta Anastazia alimpa Shamimu pamba ya kujifutia. "Kompyuta ilinionyesha ufa. Haikujua umetoka wapi, nami sikuuliza. Hilo ni kosa langu. La kwako ni kuficha. Wiki nzima ulijua, na uongo wako ulikaribia kumpotezea mwenzako mwaka mzima. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajabeba mzigo wako."

"Nimeelewa, dokta."

Daktari akachukua kalamu, na kwenye fomu ya kukagulia wanafunzi akaongeza mstari mmoja: Mgonjwa mwenyewe anasemaje?