Mayai ya Bi Mallena

Kabla ya mapambazuko, kifimbo cha kusukumia mkate kilianza kugonga meza chini ya chumba alicholala Ilenia. Ko-ko-ko, kimya, ko-ko-ko. Ilenia akatabasamu gizani. Mama Bonaria, mama wa mpenzi wake Bachisio, alikuwa akigonga polepole ili mgeni asiamke.

Mgeni huyo, Ilenia mwenyewe, alifika jana yake kutoka Cagliari, mji wa pwani, kuja kuonwa. Mama akimkubali, harusi ingetangazwa kanisani kabla ya Pasaka. Asipomkubali, Bachisio hakuwa mtu wa kuoa kwa kumliza mama yake.

Walikutana miezi mitatu nyuma, sokoni Cagliari, Jumamosi watu wamesongamana. Ilenia alivaa gauni la manjano. Jibini kubwa la mviringo likamponyoka begani Bachisio, mfugaji aliyekuja kuuza, likabingirika mpaka miguuni pa binti.

"Dada, limekuchagua wewe."

"Limechagua vibaya. Sipendi harufu ya mbuzi."

"Kondoo! Usiwavunjie heshima kondoo wangu mbele za watu."

Siku hiyo Ilenia alinunua robo kilo. Jumamosi ya pili, kilo nzima. Ya tatu hakununua kitu. Walikunywa kahawa tu, wateja wakapiga kelele mpaka wakachoka.

Sasa alikuwa Oruvai, kijijini kwa Bachisio juu milimani, kamba za aproni zimemzunguka kiuno mara mbili. Majirani walikwisha kuja kusaidia kuoka, kama ilivyo desturi. Mikate ilitoka tanurini myembamba kama karatasi.

"Mkono wa mjini huu," alisema Mama Bonaria, "lakini hauogopi moto." Bachisio, mlangoni, akakonyeza jicho. Mama yake hakuwa mwepesi wa kusifu.

Kulipokucha Mama Bonaria akafunga mikate kwa kitambaa cheupe. "Mpelekee Bi Mallena, yule mjane wa mkabala na kanisa. Mwambie bado ni ya moto."

Bi Mallena aliishi katika chumba kimoja, na kuku watatu uani. Aliipokea mikate, akainusa, akaingia ndani. Akatoka na mayai matatu ndani ya leso.

Ilenia akaona rafu ilivyo tupu. Moyo ukamuuma. "Hapana, bibi yangu. Kula wewe. Sisi tunayo mengi."

Alisema kwa upendo. Bi Mallena akaikunja leso taratibu. "Haya, mwanangu."

Oruvai mtu hatoki nyumbani kwa mwenzake mikono mitupu. Kukataa unachopewa ni kusema, kwako sirudi tena. Na habari ilifika kabla ya Ilenia. Alipoingia, kifimbo kilikuwa kimenyamaza na Mama Bonaria alikuwa anatazama unga.

"Umemfanya nini Bi Mallena?" aliuliza Bachisio. "Analia."

"Nimfanye nini? Nimemhurumia!"

"Huku hatuhurumiani hivyo. Yule ndiye aliyeninyonyesha mama alipougua."

"Ungeniambia, basi!"

"Kwani mtu huambiwa adabu?"

Neno hilo lilimchoma. Ilenia akavua aproni, akaikunja vizuri, akachukua begi lake.

Kituo cha basi kilikuwa mbele ya kanisa. Kutoka pale alimwona Bi Mallena amekaa dirishani, mikate mapajani, hajaigusa. Basi likaja.

"Unapanda, binti?" aliuliza dereva.

Ilenia alitazama mlango wa basi, akatazama dirisha. "Nenda tu, kaka. Samahani."

Akavuka njia, akabisha hodi. "Bi Mallena, nina njaa."

Mzee alimpima kwa macho kutoka kichwani mpaka viatuni. "Mayai nimempa padri."

"Nipe chochote. Nimekosea. Nilidhani nakusaidia."

"Ukitaka kunisaidia, kaa ule."

Akachemsha supu, akalowesha mkate, akaumwagia rojo la nyanya. Akamsogezea Ilenia kiti kizuri, yeye akakalia kibovu. Simu ikalia.

"Mpenzi, uko wapi?" Bachisio alikuwa anahema. "Nimelikimbiza basi mpaka darajani!"

"Pole. Simo."

"Najua humo! Uko wapi?"

"Ninakula."

"Unakula wapi?"

Bi Mallena akaichukua simu. "Kwangu. Njoo na jibini, hapa limekwisha."

Alifika anatiririka jasho, shati limetoka nje ya suruali. "Nilikasirika kabla sijauliza. Nisamehe, kipenzi changu."

"Kwani mtu huambiwa adabu?"

"Niambie mimi. Niambie kila siku, mpaka tuzeeke."

Ilenia akashusha kijiko. "Hilo ni ombi, au malalamiko?"

"Ombi. Nioe. Yaani, nikuoe!"

"Kwaruza jibini kwanza," alisema Bi Mallena, "halafu ndipo akujibu."

Akakwaruza mpaka akajikwaruza kidole. Ilenia akakifunga kwa leso yake mwenyewe. "Ndiyo," akasema, "maana ukiachwa peke yako utajimaliza."

Mama Bonaria, aliyemfuata mwanawe kwa mwendo wake wa magoti mabovu, alikuwa kizingitini. Alimshika Ilenia shavu, akaliacha jeupe kwa unga. "Twende nikakufundishe kusukuma," akasema. "Mpaka Pasaka utakuwa umejua."

Jioni basi la mwisho la kurudi Cagliari lilipokuja, Bi Mallena alikuwa kituoni na shali yake, ameushika mkono wa Ilenia kana kwamba dereva atamnyang'anya.

"Jumapili utakuja? Kuku watakuwa wametaga. Njoo, mwanangu. Safari hii padri simpi hata moja."