Magunia Ishirini ya Mjomba Bujiku

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mbuke alipitia ghalani kuonja udaga. Ilikuwa kazi isiyo na utamu. Mwaka ule, 1949, mvua zilikataa na mtama ukakaukia shambani. Baraza la mtemi likaanza kununua udaga, yaani muhogo mchungu uliovundikwa na kukaushwa, ili kila mtu kijijini apewe pishi moja kwa wiki. Thobias, baba yake Mbuke, ndiye aliyekuwa karani wa ghala.

Kanuni ya kupokea ilikuwa fupi. Kila gunia litobolewe katikati, kipande kivunjwe, na karani aonje mwenyewe. Muhogo uliovundikwa vizuri huwa mwororo na wenye madoa ya ukungu. Usiovundikwa ni mgumu na mweupe, unapendeza macho, nao ni sumu. Gunia lililofaa lilichorwa msalaba wa chokaa.

Lakini Thobias alikuwa mtu wa ugoro, na ulimi wake ulikuwa umekufa zamani. Badala ya kuliambia baraza ukweli huo, alimwachia kazi ya kuonja bintiye wa miaka kumi na miwili, na chokaa akampa. Hata wageni aliwaambia kwa majivuno kwamba ulimi wa Mbuke haudanganyiki.

Jumatatu moja alifika Bujiku, kaka wa mama yake Mbuke, na mkokoteni wa ng'ombe uliobeba magunia ishirini. Thobias alikuwa ndani akipima mzigo wa mtu mwingine kwenye mizani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kisu cha nini?"

"Cha kutobolea magunia."

"Weka chini. Nimeyashona kwa mkono wangu, utaniharibia. Onja huu wa juu, mdomoni mwa gunia."

Alimfungulia gunia moja. Mbuke akavunja kipande cha juu, akaonja. Kilikuwa kizuri.

"Umeona? Na mengine ni hayo hayo. Au unadhani mjomba wako anaweza kulisha watu sumu?"

Kisha akatoa gauni la maua mekundu. "Hii si rushwa. Ni zawadi ya mjomba."

Hakuna aliyekuwa ametaja rushwa. Mbuke aliona aibu kumbishia mkubwa wake, na gauni alilitaka, tusidanganyane. Akachora misalaba ishirini. Thobias alipotoka aliiona chokaa, akaridhika.

Udaga wa magunia manne uligawiwa siku ile ile. Siku ya pili yake Gregory, mtoto wa miaka minne, mdogo wake Zipora, rafiki wa Mbuke wa dawati moja, alianza kutapika. Miguu ikalegea. Alifia mgongoni mwa mama yake, kabla hawajafika zahanati. Watoto wengine watano walilazwa.

Msibani watu walisema ni uchawi. Macho yakamgeukia Bibi Paskazia, mjane ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni tu. Nyuma ya nyumba vijana wawili walikuwa wakinoa mapanga, na hakuna aliyewauliza ya nini.

Mbuke aliondoka mbio hadi ghalani. Alitoboa gunia la mjomba katikati, akavunja kipande kigumu, cheupe, akakigusisha ulimini. Uchungu ulimfika kooni, akatema. Akisema, baba atafukuzwa kazi na mjomba atafungwa. Akinyamaza, Bibi Paskazia atauawa, na Jumatatu magunia kumi na sita yataingia kwenye vyungu vya watu.

Alipita nyumbani, akachukua gauni, akarudi msibani. Aliliweka miguuni pa Mzee Mabula, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji.

"Shikamoo, babu. Si Bibi Paskazia. Ni udaga wa ghalani. Mjomba alinipa hili gauni, nikachora alama bila kutoboa magunia."

Zipora alimtazama rafiki yake, kisha akasogea mbali naye. Mzee Mabula akawanyang'anya vijana mapanga, ndipo akaenda ghalani kuonja mwenyewe.

Magunia yale yalifukiwa shimoni. Bujiku alikiri kwamba hakuwa na subira ya kuvundika, na kwamba udaga mzuri aliuweka juu tu. Askari wakampeleka Geita. Thobias alirudisha funguo za ghala. "Kosa la kwanza ni langu," aliliambia baraza. "Nilimpa mtoto kazi yangu." Baraza likaamua kwamba karani asipokee mzigo wa ndugu yake, na kuonja kufanywe na watu wawili, hadharani.

Jumatatu iliyofuata karani mpya, Marselino, alitoboa gunia katikati mbele ya watu wote. Akaonja, na mwenzake akaonja. Mama Zipora alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Naye akachukua kipande, akakitafuna taratibu, akasubiri.

Mbuke alikuwa amesimama kando na Mzee Mabula. "Babu, ataamini tena lini?"

"Huenda asiamini tena," mzee akajibu. "Ndiyo maana tunatoboa gunia, mwanangu, ili mtu asilazimike kutuamini kwa sura wala kwa undugu. Anayepokea mali kwa niaba ya watu hana mjomba wala shangazi mpaka kazi iishe. Wewe ulimwonea aibu mjomba wako. Ulipaswa kuwaonea aibu watakaokula. Ukisema kweli mapema unaokoa wengi. Wewe umeisema kwa kuchelewa, imeokoa waliobaki."

Marselino alishika pishi. "Mko wangapi nyumbani, Mama Zipora?"

Mama Zipora alinyoosha vidole vitatu. Akavitazama, kisha akakunja kimoja.