Dirisha la Kupitishia Waya

Asubuhi hiyo swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa, na gari lilikuwa limejaa umeme asilimia mia. Breki alisimama chumbani kwa mama yake akaitazama swichi, akaitazama taa ya kijani ya chaja, kisha akajiambia kwamba labda aliizima mwenyewe alfajiri akiwa bado na usingizi. Mtu mwenye haraka ya kwenda kazini hujipa jibu lolote likamtosha.

Jina la Breki alipewa na wanafunzi wake. Alikuwa akifundisha udereva, mwanamke wa miaka arobaini na miwili mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, na neno hilo lilimtoka mara nyingi kuliko salamu. Gari lake dogo la umeme ndilo lililokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Likilala na njaa, kesho hakuna somo, na bila somo hakuna dawa za presha za mama. Wawili hao tu ndio waliobaki katika nyumba ile, wakipendana kama chanda na pete na kuzozana kutwa.

Nyumba haikuwa na soketi ya nje. Chaja yenyewe ilikuwa ya kubebeka: plagi upande mmoja, mdomo wa kuchomeka garini upande wa pili, na katikati kisanduku chenye taa. Fundi umeme, jirani wa nyumba ya pili, alimwambia waziwazi afunge soketi ya nje yenye kifuniko cha kuzuia mvua, iwe na waya wa ardhi na swichi yake ya kukata umeme kukitokea hitilafu, na kisanduku akitundike ukutani mbali na maji. Breki akasema sawa, mwezi ujao. Mwezi ujao huo ulikuwa na miguu mirefu, kila ukikaribiwa ulisogea.

Ikawa wezi wamepita mtaani, wakaiba chaja ya gari la mwenye duka la dawa wakamwachia kipande cha waya tu. Hapo Breki akabuni ujanja wake. Kisanduku alikifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda cha mama, maana chumba hicho ndicho kilichopakana na ua, na waya akaupitisha dirishani katikati ya nondo. Dirisha likawa halifungiki tena. Lilibaki wazi upana wa viganja viwili, usiku na mchana. Mama alinung'unika kwamba dirisha haliachwi wazi magharibi inapoingia. Breki akamjibu kwamba hakuna mwizi wa kupenya upenyo wa paka. Alikuwa anamfikiria mwizi mwenye mabega.

Wiki ya tatu mama alianza kupungua. Pete ikamtoka kidoleni yenyewe akiosha vikombe. Mwanamke aliyekuwa akigombana na redio sasa alishinda amelala, akijifunika hadi shingoni kwenye joto. Zahanati walimpima wakasema presha iko sawa, damu iko sawa, ni umri tu. Chumbani kukaingia harufu ya nywele zilizoungua, na chini ya kitanda ukasikika mvumo mdogo, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Breki aliinama akachungulia. Kilikuwapo kisanduku tu, na taa yake ya kijani.

"Mwanangu," mama alinong'ona jioni moja, "kuna mtu ananinyonya. Anaanzia kwenye nyayo."

Breki aliogopa, na kwa kuwa hakutaka kukiri, alikasirika. Alichomoa plagi ukutani akaiacha ikining'inia hewani, mbele ya macho ya mama, ili wamalize mjadala. Asubuhi gari lilikuwa limepanda hadi asilimia tisini na tano na mama hakuweza kuinua kichwa kunywa maji. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kwa siku zote zile hakuwa akichaji gari kwa umeme wa ukutani.

Alikimbia uani kuutoa mdomo wa chaja garini. Haukutoka. Gari lilikuwa limeung'ang'ania, kama linavyofanya linapochaji, na kila kitufe alichobonyeza kilikuwa bure. Akamwita fundi. Mvua ilianza kunyesha wakati fundi anazima swichi kuu ya nyumba. Friji ikanyamaza, taa zote zikafa, ila ile ya kijani. Fundi aliigusa plagi iliyokuwa ikining'inia akarudisha mkono upesi. Ilikuwa na joto la kwapa la mtu.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "hii si kazi yangu. Ngoja nimwite shangazi."

Shangazi yake alikuwa mfua nguo wa hospitali, na watu walimwita pia kwa kazi nyingine ambayo hawakuitaja hadharani. Alifika jioni, aproni ikiwa bado imelowa. Hakufukiza wala kupiga kelele. Aliuliza tu dirisha lile lina siku ngapi halijafungwa. Breki akahesabu. Zilikuwa arobaini na moja.

"Basi hakuvunja, alikaribishwa," shangazi akasema. "Jini aliyekaribishwa hafukuzwi na mgeni. Anahamishwa na yule yule aliyemfungulia. Una kiti gani cha kumpa?"

Breki akasema atampa gari. Shangazi alimtazama kwa huruma, akasema ajaribu, ila ajue kwamba kiti cha jini, pale anapokaa, huwa ni mtu. Breki alikwishatoka nje.

Aliingia garini kutoa sadaka yake, na mlango ukajifunga nyuma yake, halafu milango mingine yote ikajikaza kwa mlio mmoja, na kioo kilichokuwa wazi kidogo kikapanda taratibu mpaka juu, na hewa ikajaa ile harufu ya nywele zilizoungua, na mbele yake namba ikasoma tisini na sita, ikasoma tisini na saba, na kupitia mvua akauona mkono wa mama umeshika nondo ya dirisha, mkono mkavu uliokuwa ukilegea kidole kimoja baada ya kingine kila namba ilipopanda, na yeye akapiga kioo, akapiga honi isiyolia, akamwona fundi anavuta kitasa kwa mikono miwili bila kufua dafu.

Sauti ilitoka chini ya kiti, na ilikuwa sauti ya mama yake.

"Gari lina tumbo, halina damu. Nipe mwenye damu."

Namba ikasoma tisini na tisa. Breki hakupata nafasi ya kuwa shujaa, aliogopa kufa kama mtu yeyote, akalia, na katikati ya kilio chake akasema, "Mwache mama. Kaa na mimi."

Kufuli ikafyatuka. Fundi akauchomoa mdomo wa chaja, shangazi ndani akauvuta waya wote, na dirisha likafungwa kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini na moja.

Kesho yake mama alikula, na keshokutwa akagombana na redio. Fundi alifunga soketi ya nje vizuri kama alivyosema tangu mwanzo, yenye kifuniko na kufuli, kisanduku juu mbali na mvua. Ilikuwa kazi safi, na haikutumika hata siku moja, kwa sababu gari halikupungua tena asilimia mia. Shangazi aliacha sharti moja, mbele ya wote wawili: kuanzia magharibi mpaka jua litoke, mlango usifunguliwe kwa yeyote, hata akiita kwa sauti ya mtoto wa nyumba hiyo, maana usiku jini hutembea na kiti chake, maadamu gari limejaa bila kuchajiwa. Breki alikubali. Akawa anarudi mapema.

Siku ya tisa mwanafunzi wa mwisho alishuka saa kumi na moja, akasema mwalimu, mkono wako una baridi. Breki aliendesha mpaka uani, akazima gari, na milango ikakataa. Alikaa humo akilitazama jua likizama, huku pete yake ikimchezacheza kwenye kidole kilichokonda. Giza lilipoingia, milango ikafunguka.

Alibisha hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

Alisikia mama anapumua karibu kabisa na ubao.

"Kama ni wewe," mama akasema, "gari lina asilimia ngapi?"

Breki aligeuka akaangalia. Angeweza kudanganya, lakini hakuwahi kumdanganya mama yake, na hakutaka kuanza mbele ya mlango huu.

"Mia, mama."

Alisikia komeo la pili likisukumwa, kisha kilio cha mama, kilichobanwa na kiganja. Breki akarudi uani. Mlango wa gari ulikuwa umeshamfungukia.